Ng'ombe Elfu Nne Wasiocheua

Katika miaka kumi na tisa ya kufuata nyayo za mifugo iliyoibwa, Nazario aliwahi kumtambua fahali kwa kikohozi mbele ya hakimu, na aliwahi kumtoa mbuzi kwenye kabati la sakristia, mbuzi akiwa amevaa kanzu ya padri na kutulia kuliko padri mwenyewe. Lakini hakuwahi kuombwa atafute ng'ombe walioacha kucheua.

"Wangapi?" aliuliza.

"Elfu nne," alisema Jovina.

Ilikuwa Jumatatu asubuhi, Gitega, Burundi, kwenye ofisi ya Mradi wa Hewa ya Mabonde. Jovina ndiye aliyetunza takwimu za mradi ule. Alikuwa amekulia katika kambi ya wakimbizi Tanzania kama Nazario, akarudi nyumbani na daftari moja na kalamu moja, na hiyo kalamu, watu walisema, haijawahi kushuka kutoka sikioni mwake isipokuwa kwa kuandika. Ukutani alikuwa amebandika karatasi ndefu kama shuka, yenye mistari miwili, mwekundu na wa bluu.

"Ng'ombe akicheua anatoa gesi," alieleza. "Inaitwa methani. Mpunga uliosimama majini nao unaitoa. Ikifika juu inashika joto kama blanketi. Sisi tunaifuatilia hapa tangu mwaka elfu mbili na sita, Gishubi, Mutaho na Mwakiro. Mstari mwekundu tunaupata kwa kuuliza watu wa huko, na wa hapa mjini wenye ng'ombe huko: una ng'ombe wangapi, una mpunga kiasi gani, halafu tunapiga hesabu. Wa bluu tunaupata kwenye milingoti mitatu inayonusa hewa."

Nazario aliifuata mistari kwa kidole. "Hapa mwanzoni yote iko chini."

"Vita ilikuwa imekula ng'ombe, na mabonde yalikuwa yamelala. Halafu tukarudi. Ona, inapanda pamoja, kama maharusi wanaotoka kanisani. Mwaka elfu mbili na kumi na nne ikaachana."

Kweli iliachana. Wa bluu ulipanda taratibu, ukachoka, ukalala. Mwekundu ulienda moja kwa moja hadi darini, na Jovina alikuwa ameongeza karatasi nyingine juu kwa gundi.

"Kwa midomo ya watu, tuna ng'ombe elfu sita na mia moja. Kwa pumzi zao, elfu mbili na kidogo. Hao wengine elfu nne wanakula, wananenepa, wanaandikwa, lakini hawacheui. Ijumaa saa sita mchana kamati inasoma mstari mwekundu. Wakiona ng'ombe wameongezeka mara tatu, wanasimamisha mnyororo wa ndama."

Mnyororo ule Nazario aliujua. Familia ikipewa mtamba, ndama jike wa kwanza anakwenda kwa familia inayofuata, na hiyo nayo itampa nyingine, hadi kilima kizima kinywe maziwa.

"Na anayefuata kwenye orodha ni nani?"

"Mama mmoja wa Mwakiro, anaitwa Martha. Alijenga zizi miaka miwili iliyopita. Ananipigia kila Jumapili baada ya ibada kuniuliza kama mnyororo bado una afya." Jovina aliiweka kalamu sikioni. "Ijumaa ndiyo nitajua cha kumjibu. Na wewe, afande? Ng'ombe hajambo?"

"Hajambo. Ninaye mmoja, yuko Gishubi kwa shemeji yangu Emerensiana. Mkia wake kama wa farasi."

Jovina akatikisa kichwa kwa heshima, kama mtu aliyesikia habari za mtoto anayefaulu shule.

Nje, kabla ya kuwasha pikipiki, Nazario aliandika mambo matatu mgongoni mwa mkono wake wa kushoto. Mlingoti unadanganya. Ng'ombe wamevushwa mpaka. Watu wanadanganya. Hakuwahi kupata kesi isiyotosha mkononi.

*

Mlingoti wa Gishubi ulisimama mgongoni mwa kilima, mrefu kama mikaratusi miwili iliyobebana, na chini yake kulikuwa na sanduku la chuma lenye kioo cha tarakimu. Mlinzi wake alikuwa Parfait, Mkongomani wa kutoka upande wa Uvira, aliyekuja kama mkimbizi, akatengeneza redio sokoni mpaka mradi ulipomwona.

Nazario hakusalimia. Alizunguka mlingoti mara moja, mikono nyuma.

"Kwenye mchoro wa Jovina, nyaya zinazotoka kwenye betri ni mbili," alisema. "Hapa naona tatu."

"Ya tatu ni ya kuzuia radi, chef, mukubwa wangu."

"Radi gani inapitia dirishani mwa nyumba yako?"

Aliufuata waya hadi ndani. Kwenye kiti alikaa mwanamume mwenye shuka shingoni, nusu ya kichwa chake imenyolewa vizuri, nusu nyingine bado ni msitu. Mashine ya kunyolea ilikuwa inanguruma peke yake mezani.

"Chef, mi nitakuambia kweli," alisema Parfait. "Niko nanyoa watu. Lakini nanyoa tu saa ya jua kali, betri ikishajaa. Hii machine yao haijakosaka hata siku moja."

"Unaunyima mlingoti umeme, unanusa nusu, na ng'ombe elfu nne wanapotea."

"Oya, hapana. Hii kitu iko kama mimba, chef. Ao iko, ao haiko. Nusu ya mimba haiko. Weye lete ng'ombe hapa, utaona."

Mwenye nusu kichwa ndiye aliyekwenda kumleta ng'ombe wake, shuka bado iko shingoni, na nyuma yake kikaja kilima kizima, kwa sababu habari Gishubi haina haja ya mlingoti. Parfait alilishusha bomba la kunusia hadi usawa wa pua. Ng'ombe akasimama. Watu wakasogea karibu. Tarakimu zilisinzia kwenye mbili kasoro. Ng'ombe aliangalia umati, akatafakari, akavuta kitu kutoka chini kabisa ya tumbo lake, akacheua.

Tarakimu ziliruka hadi kumi na moja.

Watu walipiga makofi. Mama mmoja aliomba arudie, na ng'ombe, akiona amepata wapenzi, akarudia. Zikafika kumi na nne.

Nazario alifuta jambo la kwanza mkononi kwa mate. "Daftari la kila siku?"

Parfait alilitoa. Miaka saba, hakuna siku iliyorukwa, mwandiko ni uleule, hata siku ya harusi yake mwenyewe.

"Afande," alisema mwenye nusu kichwa, "naomba ruhusa amalizie."

*

Jumanne Nazario alikuwa Mutaho, kwa mzee Anatoli, ambaye kwenye orodha ya mradi alikuwa na ng'ombe watano. Nazario alimchagua kwa sababu alikuwa tajiri kuliko majirani zake wote, na kwa sababu paa lake halikufanana na utajiri huo.

"Shikamoo mzee."

"Amahoro, mwana wa Tanzania. Kaa."

"Una ng'ombe wangapi, mzee wangu?"

"Tano."

"Naona mmoja."

"Macho ya kijana inaonaka ya karibu tu."

Nazario aliinuka, akalizunguka zizi. Kihori cha malisho kilikuwa kimerambwa upande mmoja tu, ukalainika kama kiti cha zamani. Nguzo ilikuwa na alama ya kamba moja. Lundo la samadi lilimfika gotini. Aliligusa kwa fimbo, akalinusa, akapiga hesabu ya siku.

"Samadi hii ni ya ng'ombe mmoja, mzee. Tena mvivu."

"Ego, huyu ni mvivu," alikubali Anatoli. "Wale ingine njo wako na bidii."

"Wako wapi?"

"Iko inalala kwingine. Upande wa Muyinga."

Pua ya Nazario ikamwasha. Muyinga inapakana na Tanzania, na katika miaka kumi na tisa alikuwa ameona ng'ombe wakivuka ule mpaka kwa kila njia, mmoja akiwa amefungwa mgongoni kitenge na kofia kichwani kama bibi anayekwenda kliniki. Aliligusa jambo la pili mkononi.

"Nitajie majina yao. Na alama."

Anatoli hakukataa. Alifanya jambo ambalo Nazario hakulitarajia: aliiweka fimbo chini, akanyanyua mikono yote miwili juu, akaikunja kama pembe, na sauti yake ikapungua umri kwa miaka thelathini.

"Bihogo, mukubwa yao. Pembe ya kuume imeinama chini sawa mtu anasikiliza siri. Hainywaka maji kama haijakuangalia kwanza usoni. Gaju, anayekanyaga umande bila kuumwaga. Na mutoto ya Gaju, mwenye soksi nyeupe. Na mutoto ya Bihogo." Mikono ilishuka kidogo. "Hiyo sijaiona bado. Lakini iko mzuri sana."

"Una ng'ombe ambaye hujawahi kumwona?"

"We umeshamwona Mungu?"

Nazario aliondoka na alama ya pembe iliyoinama, na swali moja lililomkaa kama punje kwenye jino. Alikuwa ameona wazee wengi waliouza ng'ombe kwa siri. Hawakunyanyua mikono namna ile.

*

Mwakiro, upande wa Muyinga, Jumatano, mabonde yalikuwa na mpunga wa kijani, na wakulima walikuwa wamefungua mifereji kukausha maji kwa siku chache katikati ya msimu, kama mradi ulivyowafundisha, ili udongo upumue hewa badala ya kutoa gesi. Nazario hakuangalia mpunga. Alikuwa ameiona pembe.

Ng'ombe mwekundu aliyekolea alikuwa amefungwa kwenye zizi la bwana mmoja mwembamba anayeitwa Prosper, aliyekuwa akimimina pombe ya ndizi kwenye madumu. Pembe ya kulia iliinama hadi karibu na sikio. Nazario alichukua ndoo ya maji, akaisogeza. Ng'ombe hakunywa. Alimwangalia Nazario usoni, taratibu, kama karani wa benki anayelinganisha picha, kisha akainamisha kichwa na kunywa.

"Ng'ombe huyu ni wa nani?"

"Wangu," alisema Prosper.

"Anaitwa nani?"

"Bihogo."

"Kuna mzee Mutaho anasema ni wake."

"Mzee Anatoli? Ni kweli, ni wake."

"Umesema ni wako."

"Ni wangu, afande."

Nazario alizitoa pingu, akazining'iniza kidoleni ili zionekane. "Bwana Prosper, nimekamata watu waliokataa ng'ombe, na watu waliong'ang'ania ng'ombe. Wewe unafanya yote mawili kwa pumzi moja."

Prosper alizitazama pingu, akatazama madumu yake, akaanza kucheka mpaka akaketi.

"Afande, wewe ulikulia wapi?"

"Kasulu."

"Mimi Kibondo. Ndiyo maana nakusamehe. Na mimi nilirudi sijui. Nilipofika hapa sina hata kuku, yule mzee alinipa Bihogo. Alijuana na marehemu baba yangu. Sasa huku, mtu akikupa ng'ombe, amekupa kabisa, hawezi kuja na kamba kumchukua. Lakini ng'ombe haachi kuwa wake. Mvua ikinyesha Mwakiro ananipigia simu kuuliza kama ng'ombe wake amelowa. Hii pombe unayoiona ni ya kumpelekea, kushukuru. Wanaita gukura ubwatsi. Nitafika na watu wangu, nitasema mbele ya watu wake, ng'ombe wako anakusalimu."

"Na karani wa mradi alipokuja?"

"Nilisema ninaye mmoja na ndama wake. Uongo?"

"Na Anatoli alimhesabu pia. Na ndama."

"Sasa ulitaka aseme hana? Mzee aliyegawa ng'ombe wote wale, aandikwe mwenye mmoja mvivu? Si bora umzike akiwa hai."

Nazario alizirudisha pingu mfukoni. Nyuma ya Bihogo mtamba mdogo alitokeza kichwa, pembe bado ni vifungo viwili tu.

"Na huyu anakwenda wapi?"

"Bihogo nilimwandikisha kwenye mnyororo, kwa hiyo anakwenda kwa mama Martha, pale chini. Kama Gitega watakubali."

Zizi la Martha lilikuwa safi kuliko hoteli ambayo Nazario alilala Muyinga mjini. Paa la nyasi mpya, sakafu ya mawe, kihori cha mbao kilichopigwa randa, na kuzunguka pande zote majani ya malisho yaliyokatwa na kupangwa kwa urefu. Ndani hapakuwa na kitu. Martha, mwanamke mfupi mwenye mikono ya kulima, alikuwa akiosha kihori ambacho hakijawahi kuchafuka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe ndiye wa Ijumaa?"

"Mimi ni wa Jumatano. Ijumaa ni ya Jovina." Nazario aliangalia kuta, akaangalia sakafu, akauliza kwa mazoea tu, kama anavyowauliza watu wote. "Karani alipopita, ulimwambia una ng'ombe wangapi?"

"Mmoja."

Nazario alichungulia tena ndani ya zizi.

"Mama, yuko wapi?"

"Yuko kwa Prosper, ananyonya."

"Hujapewa bado."

"Nimeahidiwa mbele ya kilima kizima. Anaitwa Tulizo. Miaka miwili namkatia majani, yakikauka nakata mengine. Kila jioni napanda pale juu namwimbia kwenye ukuta wa Prosper, na akinisikia anageuza sikio." Alikikamua kitambaa chake. "Ningemwambia karani sina, halafu jioni nimwimbie kwa uso gani?"

Nazario aliketi kwenye ukingo wa kihori. Alikunjua vidole. Mtamba yule mmoja, Anatoli alimhesabu Mutaho bila kumwona. Prosper alimhesabu hapo juu. Martha alimhesabu hapa, kwenye mawe makavu. Watatu. Elfu sita na mia moja, ukigawa kwa tatu, ni elfu mbili na kidogo. Aligeuza mkono kufuta jambo la pili kwa mate, akafika kwenye la tatu, watu wanadanganya, na kidole kikasimama.

Ng'ombe mmoja, mkia kama wa farasi. Yuko Gishubi. Ni Emerensiana anayemlisha, anayemkamua, anayeamka naye akiumwa, na aliyemwandikisha kwa karani. Na yeye Nazario, huko Gitega, mwezi uleule, alimwambia karani nini?

"Afande, unaumwa?" aliuliza Martha.

"Nimempata mhalifu."

"Ni nani?"

"Yuko kwenye kihori chako, mama. Amekaa."

*

Ijumaa saa tano na nusu Jovina alikuwa mbele ya ukuta wake, kalamu mkononi. Pembeni yake alikuwa ameketi mama Elyse, mwenyekiti wa kamati, mwanamke mwenye miwani miwili, mmoja wa kusomea na mmoja wa kutilia shaka. Alivaa ule wa pili.

"Kwa hiyo watu wa vilima vitatu wametudanganya miaka yote hiyo," alisema.

"Hakuna hata mmoja aliyedanganya," alisema Nazario. "Ndiyo maana pingu zangu zilirudi kama zilivyokwenda. Wakati wa vita watu hawakuwa na cha kupeana. Amani ilipokuja wakaanza kupeana ng'ombe, na mnyororo wenu ukaongeza mwendo. Kila ng'ombe anayetolewa anaacha mwenyewe nyuma na kupata mwenyewe mbele, na wa tatu anamsubiri ameshampa jina. Mstari wenu mwekundu, mama, haupimi ng'ombe. Unapima shukrani."

"Shukrani haipandishi joto," alisema mama Elyse. "Una ushahidi, au una hadithi?"

Nazario alivuta kiti, akakaa mahali washukiwa wanapokaa. "Angalieni daftari la Gitega, jina langu. Ng'ombe mmoja. Angalieni la Gishubi, jina la Emerensiana. Ng'ombe mmoja, mkia mrefu. Huyo ni yuleyule. Niandikeni maelezo, nitatia sahihi."

Jovina alifungua madaftari yote mawili, akaweka vidole viwili kwenye majina mawili, na mabega yake yakaanza kutikisika kwa kicheko. Mama Elyse alivua miwani ya shaka.

"Mimi mwenyewe nina wawili," alisema, polepole. "Wako kwa binamu yangu."

Hapo kalamu ya Jovina ilianguka chini, kwa mara ya kwanza.

"Sasa tuulize nini?" alisema, alipopata pumzi. "Nikiuliza una ng'ombe wangapi, mtu ananihesabia na marafiki zake. Nikisema usitaje uliyegawa, nimemtukana."

Swali hilo Nazario alikuwa amelibeba kwenye pikipiki kutoka Mwakiro. "Uliza hivi: leo asubuhi umezoa samadi ya ng'ombe wangapi? Heshima ya ng'ombe mmoja inatosha watu watatu. Samadi yake, hata mmoja anaona nyingi mno."

Mama Elyse alitoa wiki mbili za kuhesabu upya.

Makarani walipita wakiuliza samadi, na hakuna mzee aliyeona haya kujibu. Mutaho, Anatoli alisema mmoja, akaongeza kwamba wale watano wake wanawasalimu. Nyumba moja tu iliwarudisha makarani: Martha alisema waje siku nyingine. Jovina aliujumlisha mstari mwekundu upya, ukashuka kutoka darini, ukalala juu ya wa bluu mahali pake. Ulipanda tangu mwaka ule watu waliporudi, wala Jovina hakulificha hilo. Kisha ukanyooka, kuanzia msimu ambao mabonde yalianza kukaushwa katikati. Kamati ilisoma. Mnyororo ukaendelea.

*

Jumamosi walimshusha Tulizo kwa nyimbo kutoka kwa Prosper hadi kwa Martha, njia ya dakika tano iliyochukua saa mbili. Anatoli alikuja kutoka Mutaho kumwona ng'ombe wake kwa mara ya kwanza, akasema alijua. Parfait alikuja na mashine yake ya kunyolea, akanyoa wanaume wote wasio na haraka. Nazario alilala kwa Prosper, na kulipopambazuka alimkuta Jovina tayari yuko uani kwa Martha, daftari wazi.

"Nimebakiza wawili," alisema Jovina. "Afande, wewe hukuwa nyumbani makarani walipopita. Leo asubuhi umezoa samadi ya ng'ombe wangapi?"

Nazario alifungua mdomo. Aliufikiria ule mkia. Miaka mitano alikuwa mwenye ng'ombe. Alitembea hivyo, alivaa kofia hivyo. Kwenye zizi jipya, Tulizo aligeuka, na juu ya mawe yaliyooshwa kwa miaka miwili kikaanguka kitu chenye mvuke.

"Usiandike kwanza," alisema Nazario. Alichukua beleshi lililoegemea ukuta, akakunja suruali.

Martha alikuwa mlangoni kabla yake, mikono kiunoni, kanga ya ibada tayari imefungwa.

"Afande," alisema, "weka beleshi langu chini."

"Kidogo tu, mama. Ya upande ule."

"Umenitafutia ng'ombe, Mungu akubariki. Unywe maziwa yake siku ukipita, uwaambie watu ni wako, sitakataa." Alimnyang'anya beleshi. "Hiyo ni yangu yote."

Akaingia, akainama, akazoa. Alipotoka alimwonyesha Jovina beleshi lilivyojaa, karibu sana na daftari.

"Andika," alisema.